Hesabu pini kwanza, usikimbilie mizani

Mtaani, mashine iliyokufa huuzwa kwa lugha moja tu: kilo. Fuata Juja Road kutoka Mlango Kubwa hadi Huruma, hukosi kuona mizani ikisubiri shaba, alumini na mabati. Lakini siku moja moja, ndani ya mzigo huo hutokea sanduku zito la kijivu, vifundo kibao, kioo kidogo mbele na jina Hewlett-Packard au Tektronix. Hiyo ni skopu au mita ya maabara ya miaka ya sabini au themanini, iliyotupwa mahali fulani baada ya mpya kununuliwa.

Fundi akiichomeka, inawaka. Shida iko nyuma: soketi pana ya pini nyingi, haina maandishi, na kebo yake ilipotea kitambo. Muuzaji anaapa ni ya printa. Mnunuzi anakuna kichwa. Mwishowe mashine nzima inayopima vizuri inavunjwavunjwa, shaba itolewe. Hiyo ni pesa imeenda hivyo hivyo, na ni masomo pia, kwa sababu kijana anayejifunza ufundi hapa mtaani hana maabara nyingine.

Sasa, ile ya printa si uongo mtupu. Soketi za printa za zamani na hizi za maabara zinatoka ukoo mmoja: ulimi katikati, miguso bapa juu na chini. Tofauti ni hesabu. Ya printa ina pini 36, safu mbili za 18. Ukihesabu 24, safu mbili za 12, karibu kila mara umepata njia ambayo Hewlett-Packard walibuni miaka ya sitini ili mashine za maabara ziongee na kompyuta. Wao waliiita HP-IB. Mwaka 1975 ikawa kanuni rasmi, IEEE 488, na kampuni nyingine zikaifuata. Mashine 15 zinaweza kushikana kwenye mnyororo mmoja.

Usiamini macho peke yake, ebu thibitisha. Zima mashine, chomoa waya wa stima kabisa, weka mita kwenye mlio. Ncha moja iguse chasisi, nyingine pini. Kwenye IEEE 488, pini 18 hadi 24 zote ni za ardhi, na ya 12 ni ya ngao ya kebo. Zikilia hizo nane na nyingine zinyamaze, kesi imekwisha.

Angalia pia skrubu za pembeni. Nyeusi zina nyuzi za milimita, za fedha zina nyuzi za inchi. Ukilazimisha moja kwenye nyingine, utaharibu nyuzi.

Soketi yenye umbo la herufi D na pini 25 ndiyo ya kuogopa. Cannon waliileta umbo hilo mwaka 1952, na tangu hapo kila mtu amelitumia kwa kazi yake. Inaweza kuwa laini ya RS-232, inaweza kuwa ya printa ya kompyuta ya IBM, inaweza kuwa kitu ambacho kiwanda kilijitungia. RS-232 hubeba volti 12 hivi, chanya na hasi. Nyingine hizo mara nyingi hufanya kazi kwa volti 5. Ukichomeka kebo ya huku kwenda kule kwa sababu imeingia vizuri, unaweza kuunguza chipu ambayo haiuzwi tena dukani.

Kama pini hazifanani na chochote, soma maandishi madogo. Hewlett-Packard walizipa soketi zao namba zinazoanza na 1251, Tektronix zinazoanza na 131. Namba hiyo pamoja na modeli ya mashine vinatosha kutafuta mwongozo kwenye simu. Miongozo ya enzi hiyo ilikuwa na mchoro mzima wa saketi, pini kwa pini, na mingi imepigwa skani na wapenzi wa mashine hizi.

Ukikosa mwongozo, fungua kifuniko ufuate njia za shaba kutoka soketi hadi chipu ya kwanza. Ikiwa imeandikwa 75160 au MC3446, hiyo ni IEEE 488. Ikiwa ni 1488 na 1489, hiyo ni RS-232.

Lakini kabla ya kufungua skopu ya kioo, heshimu kile kioo. Bomba lake hutumia maelfu ya volti, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Kama hujaonyeshwa namna ya kuitoa chaji hiyo, mwite aliyeonyeshwa.

Gharama ya yote haya ni mita ya bei rahisi, bando kidogo na saa moja ya subira. Ukimaliza, usiweke jibu kichwani mwako tu. Kata selotepu, andika jina la soketi na pini zake za ardhi, bandika nyuma ya mashine. Hata ikiuzwa tena, anayefuata hataanza na mizani.