Kalenda ya Kazi: Picha za Ufaransa na Mwaka wa Mkulima wa Bariadi

Shuleni twawafundisha watoto miezi kumi na miwili, tangu Januari hata Desemba, nao huikariri upesi. Lakini kwa mkulima wa Bariadi mwaka hauanzi Januari; mwezi huo humkuta katika palizi. Mwaka wake huanza mvua zinaponyesha, kwa kawaida Oktoba au Novemba, naye huupima kwa kazi kuliko kwa tarehe. Desturi hii si ya Wasukuma peke yao. Watu wa pwani walihesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo, yaani siku kumi kumi, wapate kujua wakati wa kulima na wa kusafiri baharini. Na watu wa Ulaya ya kale waliichora kalenda yao ya kazi kwa rangi.

Kabla ya vitabu kupigwa chapa, wakuu wa Ulaya waliandikiwa kwa mkono vitabu vya sala vyenye kalenda ya sikukuu za watakatifu, na kila mwezi ulitiwa picha ya kazi yake. Kitabu kisifiwacho sana ni Très Riches Heures, ambacho ndugu watatu wa ukoo wa Limbourg walianza kumchorea Jean, mtawala wa Berry katika Ufaransa, karibu na mwaka 1412. Mwaka 1416 bwana yule na wachoraji wale wote walikufa, kazi haijaisha. Jean Colombe akaikamilisha karibu na mwaka 1485. Kitabu hicho chatunzwa Chantilly.

Katika picha ya Februari nchi imefunikwa na theluji, na wakulima wanaota moto. Machi mzee analima kwa plau ikokotwayo na ng'ombe. Julai watu wanavuna ngano na kunyoa kondoo. Oktoba mtu anapanda mbegu, na nyuma yake imesimamishwa sanamu yenye upinde ili kuwatisha ndege. Mtu wa Bariadi hahitaji mkalimani wa picha hiyo: Kiswahili chaiita kazi hiyo kuamia, nayo ni kazi ya watoto mtama ukaribiapo kukomaa.

Tukiuchora mwaka wa Wanyantuzu, yaani Wasukuma wa Bariadi, Novemba tutaweka maksai na plau, na watu wakipanda mtama, mahindi na pamba. Januari na Februari ni palizi. Kwa desturi ya Wasukuma, vijana walikwenda pamoja shamba hili na lile, wakilima kwa ngoma na nyimbo chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Mei na Juni ni mavuno: pamba huchumwa, na viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa viwe michembe, chakula cha akiba. Ghala zikiisha kujaa, ndipo Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Kisha miti ya pamba hung'olewa na kuchomwa, wadudu wasipate maficho.

Picha ya Novemba katika kitabu kile yaonyesha mchungaji akiwaangushia nguruwe matunda ya mwaloni. Msitu nao ulikuwa na msimu wake wa kuliwa. Sisi tuna ngitili, malisho yanayofungwa mvua zianzapo na kufunguliwa kiangazi, nyasi zikiisha kwingine. Afunguaye ngitili kabla ya wakati amekula leo nyasi za Septemba.

Lakini ziko tofauti mbili. Katika picha zile nyingi nyuma ya mkulima husimama ngome ya wakubwa: Machi ni Lusignan, Oktoba ni Louvre. Kitabu kilifanywa kwa ajili ya bwana, wala mkulima hana jina ndani yake. Tena Oktoba ya kitabu haibadiliki. Kila mwaka ni kupanda. Kalenda ya Bariadi haikuchorwa. Ilikaa katika vichwa vya wazee, na watemi walikuwa na kazi ya kusimamia matambiko ya mvua na mbegu, hata mamlaka yao yalipokomeshwa mwaka 1963.

Leo kila nyumba huamua peke yake siku ya kupanda, na hapo ndipo penye hatari. Mvua ya kwanza huweza kudanganya: yanyesha siku chache, watu wapanda, kisha jua lachoma miche, na mbegu ya akiba imekwisha. Mtu akifuata tarehe tu aweza kupotea. Na akifuata mazoea tu, vivyo hivyo.

Basi twawashauri walimu wenzetu: kila mwaka wanafunzi na waandike dalili walizozitaja wazee, siku mvua iliponyesha, siku watu walipopanda, na mavuno yaliyopatikana, kisha wachore kazi ya kila mwezi. Mwaka mmoja hautatosha. Lakini daftari zikiisha kuwa kumi, watu wataweza kupima ni dalili ipi ya kuaminiwa na ni ipi iliyokwisha kupitwa, kabla hawajaitupa mbegu yao ardhini.