Baridi si kisingizio cha kukosa mboga

Watu wengi wanaoishi sehemu za baridi kama vile Limuru, Kinangop, Ol Kalou, Molo na Timboroa hudhani kwamba huko hakuna kinachostawi ila viazi na kabichi. Mboga nyingine, husema, ni za kununuliwa sokoni. Pesa zikipungua, chakula huwa ni ugali, viazi na chai. Baadaye wazazi huja kwa daktari kuomba tembe za vitamini au "dawa ya kuongeza damu" kwa watoto wao. Sehemu ya dawa hiyo ingeweza kuota hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Viazi havimo katika hesabu hiyo. Sukuma wiki pekee humpa mlaji vitamini A na C, kalsiamu ya kuimarisha mifupa, na foleti ambayo mama mjamzito huihitaji sana.

Uchague mboga gani?

Mboga zinazovumilia baridi ni sukuma wiki, kabichi, spinachi, karoti, bitiruti, vitunguu na dania. Minji pia hustahimili, lakini maua yake huharibiwa na jalidi, yaani ule umande unaoganda na kuwa mweupe juu ya nyasi alfajiri. Nyanya, maharagwe, malenge, terere na managu huungua mara moja jalidi inapoanguka. Usizifanye kuwa tegemeo lako.

Chagua mahali panapopata jua la asubuhi. Hewa baridi huteremka kama maji na kutuama bondeni, kwa hivyo bustani iliyo juu kidogo ya mteremko huumia kidogo kuliko iliyo chini. Inua matuta ili maji yasisimame, kwani udongo uliolowa mno hukawia kupata joto na huozesha mizizi.

Ikiwa wewe ni mpangaji wa mjini usiye na shamba, tumia gunia. Lijaze udongo na mbolea, weka kokoto katikati kutoka chini hadi juu ili maji yapenye, kisha toboa mashimo ubavuni. Gunia moja huweza kubeba miche 30 ya sukuma wiki.

Karoti, bitiruti na minji hupandwa moja kwa moja. Sukuma wiki na kabichi huanzia kitaluni. Usikate tamaa mbegu zikikawia, kwani baridi huchelewesha kuota. Hamisha miche baada ya wiki nne hadi sita, ikiwa na majani manne au matano, na uache nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche.

Kukabiliana na jalidi

Usiku wa hatari si ule wenye mawingu. Ni ule wa anga safi, nyota zinang'aa na upepo umetulia, na mara nyingi huja Januari na Februari wakati wa kiangazi. Siku kama hiyo, nyunyizia udongo maji mchana. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la jua na kulitoa usiku. Jioni funika miche kwa nyasi kavu au magunia, na asubuhi uyaondoe ili mimea ipate mwanga.

Bustani isiwe chanzo cha maradhi

Hapa ndipo wengi hukosea. Kamwe usinyunyizie mboga maji ya mitaro ya maji taka, hata kama mimea itanawiri. Maji hayo hubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na amiba, pamoja na mayai ya minyoo. Usitumie kinyesi cha binadamu kama mbolea. Samadi ya ng'ombe au kuku iachwe ioze kabisa kwa miezi kadhaa huku ikigeuzwageuzwa.

Vidukari wakivamia sukuma wiki, waoshe kwa maji ya sabuni kidogo. Ukilazimika kutumia dawa ya kuua wadudu, soma kibandiko chake na uhesabu siku unazopaswa kungoja kabla ya kuchuma. Usichume kabla ya siku hizo kuisha.

Vaa viatu na glavu. Viini vya pepopunda huishi katika udongo na samadi. Ukijikata kwa jembe au kuchomwa na msumari, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda kliniki siku hiyo hiyo ikiwa hujui ulichanjwa lini au miaka mitano imepita.

Jikoni

Osha majani kabla ya kuyakata, si baada. Yapike kwa muda mfupi kwa maji kidogo na usiyamwage, kwa sababu vitamini C na foleti huyeyuka humo. Mafuta kidogo husaidia mwili kupata vitamini A. Chai, ambayo sote huipenda wakati wa baridi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga. Inywe saa moja au zaidi baada ya mlo.

Mboga haziwezi kuchukua mahali pa matibabu. Mtoto aliyepauka viganja, anayechoka upesi au anayekula udongo apelekwe apimwe damu, kwa sababu huenda ana minyoo au ugonjwa mwingine. Nawe ukiwa unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiongeze mboga za majani ghafla kabla ya kumwuliza daktari wako. Mgonjwa wa figo pia aulize kwanza.

Kwa wengine wote, anza na tuta moja la sukuma wiki na jingine la karoti. Wiki sita hadi nane baada ya kuhamisha miche, utaanza kuchuma majani ya chini ya sukuma wiki, na utaendelea kuchuma kwa miezi mingi.