Unyevu Ukutani na Kikohozi cha Watoto

Huenda nyumbani kwako yuko mtoto anayekohoa kila masika. Unampeleka zahanati, anapewa dawa, anapata nafuu, kisha anarudi kulala kwenye kitanda kilekile kilichoegemezwa ukuta uliolowa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili: wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na pumu, kikohozi na maradhi mengine ya njia ya hewa. Basi ukuta nao una haja ya kutibiwa.

Unyevu huo hutoka wapi? Tofali lina vitundu vidogo sana, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa koroboi. Kwa kawaida hufika kimo cha mita moja hivi, na yakikauka huacha chumvi nyeupe inayobandua rangi. Maji yakianzia juu, tazama bati. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zake zote, ukiache siku mbili. Majimaji yakionekana upande unaogusa ukuta, yametoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, huo ni mvuke wa ndani, nawe fungua madirisha.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunamwita fundi, naye anapiga lipu mpya ya saruji na rangi ya mafuta. Nyumba inapendeza hadi Krismasi. Lakini saruji hainyonyi wala haitoi maji kwa urahisi, hivyo unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na masika yajayo alama imekaribia dirisha. Fedha imekwenda, na mtoto bado anakohoa.

Anzia nje. Udongo uliorundikana ukutani uchimbwe, uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Maji ya paa na ya bafu yapelekwe mbali kwa mfereji, na maua ya kumwagilia yahamishwe. Ndipo uingie ndani: bandua lipu ya saruji hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, ondoa chumvi kwa brashi kavu (ukiiosha inarudi ndani ya tofali), kisha ngoja. Kungoja ndiko kugumu. Kadirio la zamani la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, maana yake ukuta wa inchi 9 waweza kuchukua miezi 9. Baadaye piga lipu ya chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, na juu yake upake chokaa. Watoto wakae mbali, kwani chokaa huunguza macho.

Kwa wanaojenga sasa, tandikeni karatasi ya lami juu ya msingi kabla ya kuinua ukuta. Ni gharama ndogo kuliko kubomoa.

Wakati ukuta unakauka, sogeza vitanda mbali nao, na ufute ukungu kwa maji ya sabuni ukiwa umefunika pua. Magunia ya mahindi yakae juu ya kichanja, yasiguse ukuta wala sakafu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Mahindi yakishaingiwa na sumu hiyo, kuyapika hakuiondoi.