Alama Isiyosema Mguu: Upimaji wa Msawazo wa Kusimama kwa Wagonjwa wa Kiharusi

Mtu aliyepata kiharusi anaposimama tena kando ya kitanda chake kwa mara ya kwanza, mtaalamu wa fiziotherapia haulizi tu kama amesimama. Huuliza amesimamaje, na ataweza kubaki hivyo kwa muda gani bila kuanguka. Jibu ndilo huamua kama mgonjwa atakwenda msalani peke yake, kama atapewa mkongojo, na kama ataruhusiwa kurudi nyumbani ambako pengine mchana kutwa hakuna wa kumshika. Makala haya yanaeleza namna msawazo wa kusimama unavyopimwa, na yanatetea hoja moja: jumla ya alama, hata ikipatikana kwa uangalifu mkubwa, huficha sababu iliyoizaa. (Istilahi “msawazo” imechaguliwa badala ya “usawa” kwa kuwa neno hilo la pili limekwisha kumilikiwa na mijadala ya haki na sheria.)

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Katherine Berg na wenzake, kilichochapishwa nchini Kanada mwaka 1989. Kina vipengele 14, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 4, na jumla yake ni 56. Mpimaji huhitaji saa, rula, viti viwili na kigoda, na unafuu huo umechangia kukieneza. Mgonjwa huinuka kutoka kitini, husimama dakika 2 bila kushika kitu, hufumba macho kwa sekunde 10, huokota kitu sakafuni, hugeuka duara zima, na mwisho husimama kwa mguu mmoja. Kwa muda mrefu alama 45 zimechukuliwa kuwa mpaka: aliye chini yake huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka. Tafiti za baadaye zimeonesha kuwa mpaka huo peke yake hautabiri vizuri nani ataanguka, lakini bado unatumika.

Kipimo hicho kilibuniwa kwa kuwalenga wazee kwa jumla, ilhali kiharusi kwa kawaida hudhoofisha upande mmoja wa mwili. Maelekezo ya Berg humwachia anayepimwa achague mguu wa kusimamia. Mgonjwa mwenye mguu wa kushoto uliopooza atachagua wa kulia, na nani asingefanya hivyo? Akidumu zaidi ya sekunde 10 hupata alama zote 4. Vivyo hivyo katika kusimama dakika 2: anaweza kuuegemeza karibu uzito wote kwenye mguu mzima, ule mwingine ukigusa sakafu tu, na fomu ikaandika kuwa amesimama salama. Kipengele cha kukanyaga kigodani kwa zamu ndicho humfichua, kwa kuwa kila mguu mzima unapoinuliwa, ule dhaifu hulazimika kuubeba mwili. Suala hili si dogo. Mivunjiko ya nyonga baada ya kiharusi hutokea zaidi upande uliopooza, ambao mfupa wake hupungua uimara kwa kutobebeshwa uzito.

Kipimo cha PASS, kilichotolewa Ufaransa mwaka 1999 mahususi kwa wagonjwa wa kiharusi, kinaliona tatizo hili. Kina vipengele 12 na jumla ya alama 36, na hutenga kusimama kwa mguu uliopooza na kusimama kwa mguu mzima kama vipengele viwili. Hufaa zaidi katika miezi ya mwanzo. Baadaye wengi hufikia alama za juu, na kipimo hakiwatofautishi tena.

Lugha ya maelekezo nayo huzaa alama, na hapa mpimaji anayetumia Kiswahili ana mitego yake. Kitenzi “simama” kina maana tatu: kuinuka, kubaki wima, na kuacha kwenda. Mgonjwa aliye katikati ya kugeuka duara, akiambiwa “simama vizuri”, hana kosa akikatisha mzunguko. “Kaa umesimama” ni agizo baya zaidi, kwa kuwa anayeshika neno la kwanza tu atarudi kitini. Kwa kipengele cha kwanza “inuka” linatosha. Kwa cha pili, “baki wima, usishike kitu”. Tena, “mguu” ni kiungo chote kuanzia nyonga hadi vidole, hivyo “weka miguu pamoja” hutimizwa na magoti yaliyogusana huku nyayo zikiwa mbali. “Nyayo zigusane” haliachi shaka.

Hitilafu hizi humwumiza hasa mgonjwa mwenye afasia, yaani upotevu wa uwezo wa lugha, ambao mara nyingi huambatana na kupooza upande wa kulia. Akipata 0 katika kugeuka, fomu haisemi kama miguu ilishindwa au agizo halikueleweka. Kuonesha kitendo kabla ya kukidai, na kuandika kuwa kimeoneshwa, huondoa sehemu kubwa ya utata huo.

Pasipo na vifaa vya maabara vya kupima shinikizo la nyayo, mizani miwili ya kawaida ya kupimia uzito, yenye kimo sawa na iliyowekwa sambamba, hutoa kile ambacho Berg haisemi. Mgonjwa hukanyaga mmoja kwa kila mguu na kutazama mbele, asije akajirekebisha kwa kusoma namba; mpimaji husimama upande dhaifu, tayari kumdaka. Mizani hiyo haioneshi mwili unavyoyumba kila nukta, wala haimfai asiyeweza kusimama bila kushikwa. Lakini mgonjwa wa kilo 60 aliyekuwa akiupa mguu uliopooza kilo 18, kisha baada ya wiki kadhaa za mazoezi akaupa kilo 26, amepiga hatua, hata kama jumla yake ya Berg imebaki ileile na fomu haina mahali pa kuiandika.