Kuziba Utumbo kwa Mwanga Badala ya Uzi

Kiriba cha maji kikipasuka utakishona. Lakini maji yatatafuta njia penye matundu ya sindano. Utumbo wa mtu nao una shida hiyo hiyo.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Ndani yake mna chakula kilichosagika, na chini zaidi, katika utumbo mpana, mna vijidudu vingi mno. Vikikaa humo havina neno. Vikivuja nje ya utumbo, tumbo huvimba na kuwa gumu, homa hupanda, na mtu aweza kufa.

Utumbo hutobokaje? Homa ya matumbo isiyotibiwa huweza kuutoboa. Ngiri iliyobana huweza kuozesha kipande cha utumbo, basi daktari hukikata na kuunganisha ncha mbili. Wengine huchomwa kisu au pembe ya ng'ombe. Watu hawa wasikandwe tumbo nyumbani. Wapelekwe hospitali siku ile ile.

Mwaka 1826, daktari Mfaransa Antoine Lembert alionyesha jinsi ya kushona utumbo ili ngozi za nje za pande mbili zigusane na kushikana. Njia yake inatumika hata leo. Madaktari hutumia pia vipini vidogo vya chuma. Kazi hii imeokoa watu wengi. Lakini mara nyingine mshono huvuja siku chache baada ya mtu kupasuliwa, maana utumbo hautulii, hujikunja ukisukuma chakula. Kwa hiyo muuguzi akisema mgonjwa asile bado, msimpitishie uji chini ya kanga!

Sasa wataalamu wanajaribu leza. Leza ni mashine ya kutoa mwanga. Mwanga wa tochi hutawanyika, lakini wa leza huenda pamoja kama mkuki, nao ni wa rangi moja tu. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960.

Mwanga huo huzibaje kidonda? Umemwona fundi bati akilehemu karai. Joto likiwa dogo, risasi haishiki. Likizidi, bati linaharibika. Nyama ya mwili ina nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Zikipata joto la sentigredi 60 hivi hulegea, na zikipoa huweza kushikana. Joto likizidi sana nyama huungua, na nyama iliyoungua haiponi vizuri. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitoa habari za lehemu yao. Ni protini iliyochanganywa na vijiti vya dhahabu, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Waliiweka juu ya utumbo wa nguruwe uliokatwa, wakaimulika kwa leza. Dhahabu ilinyonya mwanga na kupata joto, lehemu ikashika, na kuvuja kwa vijidudu kukapungua.

Ila utumbo ule ulikuwa umekwisha kutolewa mwilini. Haukuwa ukisukuma chakula, wala hakukuwa na mgonjwa wa kukohoa na kujigeuza kitandani. Mgonjwa anayepasuliwa utumbo leo bado hushonwa kwa uzi au kubanwa kwa vipini.