Mafuta Yamepanda: Vita vya Mbali na Kura ya Timau

Ilikuwa Aprili ya mwaka wa 2022. Nilikuwa nimekwenda nyumbani Timau kumjulia hali mama yangu, na asubuhi moja nikateremka mjini kutafuta petroli ya kunirejesha kazini. Kituoni nilikuta mlolongo wa magari uliotoka nje ukafuata barabara kuu iendayo Meru. Pikipiki zilikuwa zimejipanga upande wa pili, na baina yake walisimama akina mama wenye mitungi ya plastiki. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniambia, “Mwalimu, mara ya mwisho kuona mlolongo kama huu ilikuwa themanini na nane.” Tuliomwelewa tulicheka. Vijana wa bodaboda hawakucheka, kwa kuwa hawakuwa wamezaliwa mwaka ule wa 1988 chama cha KANU kilipowapanga wapiga kura nyuma ya wagombea, na watu wengi wakabaki wakilalamika kwamba mlolongo mfupi ndio uliotangazwa mshindi.

Mama mmoja mwenye mtungi alinena kama anayejisemea: “Mafuta yamepanda kwa sababu ya vita.” Mimi, kwa mazoea mabaya ya kazi yangu, nikamwuliza ni mafuta gani. Akanitazama kama atazamavyo mtu mwanafunzi mzito wa kuelewa. “Yote, mwalimu,” akajibu.

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu. Mwingereza ana jina la petroli, jina jingine la mafuta ya taa, jingine la mafuta ya kupikia, na jingine la mafuta ya kujipaka. Sisi tuna neno moja, tena la ngeli ya YA-YA, lisilo na umoja katika matumizi ya kawaida. Wako wanaodhani kuwa huo ni umaskini wa lugha. Mwaka wa 2022 ulikuwa utajiri. Majeshi ya Urusi yalipovuka mpaka wa Ukraine tarehe 24 Februari, bei ya mafuta ghafi ilipaa kwa kuwa Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani. Mafuta ya alizeti nayo yaliadimika, maana nchi hizo mbili ndizo zilizokuwa zikiongoza kwa kuyauza nje. Kisha, mwishoni mwa Aprili hiyo hiyo, Indonesia ikapiga marufuku kwa majuma kadhaa uuzaji wa mafuta ya mawese ng'ambo. Kwa hiyo yule mama aliposema “yote” hakuwa akitia chumvi. Neno lake moja lilikuwa limebeba kitu ambacho wanauchumi walihitaji sura nzima kukieleza.

Tuwe wa haki lakini. Ule mlolongo wa Aprili haukuletwa na vita peke yake. Serikali ilikuwa ikilipa ruzuku ya mafuta tangu Aprili 2021 ili bei isipande, na ilipochelewa kuyalipa makampuni ya mafuta madai yao, makampuni yalipunguza kuyasambaza. Vita vilipandisha bei huko nje, nalo deni likakausha vituo hapa ndani. Kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, petroli iliyoambiwa haipo mchana ilipatikana jioni kwenye mitungi kwa bei ya kuruka. Hayo nayo yaliitwa vita vya Ukraine.

Siku chache kabla ya uvamizi huo, balozi wetu katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alikuwa amelihutubia Baraza la Usalama akieleza kwamba Waafrika nasi tulirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, na kwamba tulichagua kuiheshimu badala ya kuimwagia damu. Hotuba hiyo ilisifiwa dunia nzima. Nilijivunia, na bado najivunia. Hata hivyo, katika miezi yote ya kampeni iliyofuata, sikumsikia mpiga kura hata mmoja wa Timau aliyemwuliza mgombea msimamo wake kuhusu Ukraine. Waliuliza bei ya unga, na bei ya mbolea.

Hivyo ndivyo vita vya mbali vinavyoingia katika siasa za nyumbani. Haviingii kama vita. Vinaingia kwa mlango wa jikoni, vimevaa jina jingine, na mwanasiasa hodari ni yule anayewahi kuvipa jina hilo. Mwaka wa 2022 jina lililoshinda lilikuwa “hasla”. Rais Uhuru Kenyatta alimuunga mkono Raila Odinga, ambaye mgombea mwenza wake, Martha Karua, ni binti wa Kirinyaga. Kwa hesabu za zamani, Mlima Kenya ungefuata sauti ya mwanawe. Haukufuata. Ulimpa William Ruto na Rigathi Gachagua wa Mathira kura nyingi mno. Yako mengi yaliyochangia, na simwamini yeyote anayetoa sababu moja. Lakini yeyote aliyekaa katika soko la Timau siku zile alisikia kwamba “mama mboga” na “bodaboda” hayakuwa tena maneno ya kazi, yalikuwa vyeo. Mwenye kubeba mtungi mlolongoni aliambiwa kuwa yeye ndiye uchumi.

Serikali iliyokuwa ikiondoka nayo ilijaribu. Julai 2022, majuma matatu kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, ilitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi, iliyokuwa imevuka shilingi 200, ingeuzwa kwa shilingi 100. Mahali pengi unga huo ulionekana kwenye redio kuliko kwenye rafu. Ruto alipoapishwa Septemba 13 alieleza kwamba ruzuku ya mafuta ilikuwa imemeza shilingi bilioni 144, na ya unga bilioni 7 kwa mwezi mmoja. Kesho yake petroli mjini Nairobi ikapanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita. Mwezi uliofuata mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6.

Hapa niruhusu, msomaji, nikae kidogo kwenye ngano, kwa sababu ndiyo inayonikera zaidi. Timau ni nchi ya ngano. Ukitoka Nanyuki ukipanda kuelekea Meru, utaona mashamba yaliyolala kwenye mabega ya mlima kana kwamba mtu ametandika mkeka wa dhahabu. Kenya huagiza zaidi ya nusu ya ngano yake kutoka nje, na sehemu kubwa ilikuwa ikitoka Urusi na Ukraine. Mwanafunzi yeyote wa somo la biashara atakwambia kwamba muuzaji mkubwa akizuiwa, muuzaji mdogo anafaidi. Basi Timau ingalitajirika.

Jirani yetu mmoja hulima ngano katika ardhi ya kukodi. Aliniambia mwaka huo kwamba bei ya gunia ilikuwa nzuri kuliko aliyoizoea. Nikampongeza. Akaniuliza kama najua trekta hunywa nini. Dizeli ilipanda. Kombaini ya kuvuna hukodishwa kwa ekari, na mwenye kombaini naye hununua dizeli. Mfuko wa mbolea ya kupandia wa kilo 50 ulikuwa umevuka shilingi 6,000, maana Urusi inauza mbolea pia, na mbolea ya chumvichumvi hutengenezwa kwa gesi asilia, ambayo nayo ilikuwa imepaa. Lori la kupeleka magunia kwa wasagaji likaongeza nauli. Mkono mmoja wa vita ulimpa, na mkono mwingine ukamtoa yote pamoja na nyongeza. Wakulima wa maua wa sehemu hizo walilia kilio cha namna hiyo, kwa kuwa gharama ya kusafirisha kwa ndege ilipanda na soko la Urusi likayumba. Viazi pia. Sitaendelea.

Ndiyo maana mbolea ikawa siasa. Ahadi ya serikali mpya ya kuuza mfuko kwa shilingi 3,500, kisha 2,500 mwaka wa 2023, iliwagusa watu wa Timau kuliko hotuba yoyote. Na ndiyo maana ilipogunduliwa mwaka wa 2024 kwamba mbolea isiyofikia viwango ilikuwa imeuzwa katika mpango huo wa ruzuku, hasira haikuwa ya kawaida. Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, mwenyeji wa Meru, alikabiliwa na hoja bungeni ya kumwondoa. Kamati iliisafisha njia yake mwezi Mei, lakini Julai 11 aliondoka pamoja na takriban baraza zima la mawaziri lililovunjwa na rais.

Nirudi kwenye lugha. Kilichonisikitisha katika miaka hiyo ni jinsi maelezo yalivyobadilishana viti. Aliyekuwa madarakani kabla ya Agosti 2022 alitaja vita. Aliyekuwa akiomba madaraka alilaumu maridhiano ya mwaka wa 2018 na uzembe wa waliotawala. Baada ya Agosti, wenye madaraka wapya wakagundua vita, ukame na dola, nao waliokuwa wametoka wakagundua uzembe. Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ikafika 211.64 jijini Nairobi. Moses Kuria, aliyekuwa Waziri wa Biashara, aliwaambia wananchi watarajie nyongeza ya shilingi 10 kila mwezi hadi Februari. Bei haikupanda hivyo, lakini maneno yale yalikwisha kuingia masikioni mwa wale wale waliokuwa wameambiwa kuwa wao ndio uchumi.

Tena kuna jambo ambalo halikutoka Ukraine wala Urusi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ushuru wa ziada ya thamani kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka wa 2018 asilimia 16 hiyo hiyo ilikuwa imezua kelele nyingi hata Rais Kenyatta akaikata nusu. Mpira ukarudi pale pale. Julai 2024 ada ya kutunza barabara ikaongezwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Hakuna kombora lililofanya hayo. Mwezi mmoja kabla ya nyongeza hiyo vijana walikuwa wamejaa mitaani, Nyeri na Nanyuki wakiwemo, wakiupinga Mswada wa Fedha wa 2024, na makumi yao wakapoteza maisha. Mswada uliondolewa, na ada ikapanda kwa njia nyingine.

Wenzetu wa Tanzania waliyaona haya zamani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viligongana na mapinduzi ya Iran yaliyopandisha bei ya mafuta duniani. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikaja kwa miezi 18. Miezi ikawa miaka. Sabuni na sukari zikawa za kupangiwa mstari, likaja neno “ulanguzi”, mwaka wa 1983 likaja “wahujumu uchumi”, na baada ya 1985, Mzee Mwinyi aliposhika hatamu, likaja “ruksa”. Ukitaka kuandika historia ya uchumi wa nchi hiyo kwa maneno matano, kamusi imekwisha kukufanyia kazi. Mei 2022 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilitoa shilingi bilioni 100 za nchi hiyo kupunguza makali ya mafuta. Neno wakati huo lilikuwa “ruzuku”, na safari hii lilitumika pande zote mbili za mpaka.

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei. Taarifa yake huja kwa Kiingereza, ikiwa na jedwali linaloonyesha lita moja imefikaje bei yake: gharama ya kuifikisha Mombasa, usafirishaji, faida ya wauzaji, kisha ushuru wa bidhaa unaokaribia shilingi 22, ada ya barabara, ada ya ustawishaji wa petroli ya shilingi 5.40 na nyinginezo. Redio za Kiswahili zinatusomea nambari tatu tu: petroli, dizeli, mafuta ya taa. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mimi naona kwamba jedwali hilo ni hati ya kisiasa kuliko ilani yoyote ya chama, na kwamba mpiga kura asiyeweza kulisoma atabaki kuchagua kati ya visingizio viwili. Baadhi ya wenzangu chuoni huniambia nakuza jambo. Labda.

Juni 2025 Israeli na Iran zilipigana kwa siku 12. Julai EPRA ilitangaza nyongeza ya shilingi 8.99 kwa petroli na 9.65 kwa mafuta ya taa. Wiki hiyo nilikuwa nimealikwa na shule moja ya upili karibu na kwetu nizungumze na kidato cha nne juu ya uandishi wa insha. Nilipomaliza, binti mmoja akanyosha mkono: “Mwalimu, vita viliisha Juni. Mbona mafuta yamepanda Julai?”

Nikamweleza kwamba bei ya Julai ilihesabiwa kwa shehena zilizoagizwa zilipokuwa bunduki hazijanyamaza. Akauliza kama basi Agosti itashuka kwa kiasi kile kile. (Ilishuka kwa shilingi moja.) Nikachukua chaki, nikaigawa lita ubaoni mstari kwa mstari, nikitafuta jina la Kiswahili la kila kipande, na walimu wawili waliokuwa wamekaa nyuma wakaanza nao kuandika. Tulikuwa tumefika kwenye ada ya barabara kengele ya chakula ilipolia, na hakuna aliyeinuka.