Ndigana Kali: Usingoje Mpaka Ng'ombe Akohoe

Ng'ombe mmoja wa maziwa kwa mkulima mdogo ndiye karo ya mtoto, na samadi yake ndiyo rutuba ya shamba. Afapo, nyumba nzima hupungukiwa. Nchini Kenya ndigana kali ni mojawapo ya maradhi yauayo ng'ombe wengi, hasa wa kigeni na machotara. Basi yafaa kila mfugaji ajue namna yanavyoingia, apate kujua saa ya kumwita daktari wa mifugo.

Maradhi haya hayaletwi na majani mabaya wala jicho la jirani. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia, apendaye kukaa masikioni. Akiwa mchanga hunyonya damu ya ng'ombe mwenye vijidudu. Kisha huanguka majanini, hujivua gamba, akapanda juu ya ng'ombe mwingine. Lakini vijidudu haviingii mara moja. Kwa desturi kupe hunyonya siku kadhaa kabla ya kuvitoa kwa wingi. Kwa hiyo mfugaji amwogeshaye ng'ombe wake kwa dawa mara kwa mara humwua kupe kabla hajaleta madhara. Kumtoa kwa mkono tu hakutoshi, maana kupe wachanga ni wadogo mno.

Dalili ya kwanza ni kuvimba tezi chini ya sikio. Hufuata homa, maziwa hupungua, na ng'ombe huacha kula. Mwishowe hukohoa, hupumua kwa shida, na povu humtoka puani. Wako wanaochoma tezi kwa chuma cha moto. Jambo hilo haliui vijidudu vilivyomo mwilini. Humwongezea mnyama uchungu, na siku hupotea bure. Dawa ya kuponya iko, nayo hufaa sana ikitolewa mapema. Povu likiisha kutoka, mara nyingi fedha na ng'ombe hupotea pamoja.

Iko pia chanjo, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Ndani yake mna vijidudu hai. Kwa hiyo papo hapo ng'ombe hudungwa na dawa nyingine izuiayo maradhi yasimzidie. Kinga yake hudumu muda mrefu. Ila chanjo hii huhifadhiwa katika baridi kali mno, na mrija mmoja ukiyeyushwa hutosha ng'ombe wengi, nao hauna budi kutumika kwa saa chache. Mwenye ndama mmoja hawezi kuipata peke yake kwa urahisi. Yapasa majirani wakusanye ndama zao siku moja, na gharama igawanywe.

Umoja huo huo wahitajika joshoni. Katika miaka ya 1990 majosho mengi yaliachwa mikononi mwa wananchi, na baadhi yakakauka kwa kukosa fedha za dawa. Hata ng'ombe aliyechanjwa yafaa aogeshwe, kwani kupe huleta maradhi mengine ambayo chanjo hii haiyazuii.

Basi kila asubuhi, kabla ya kukamua, tazama ndani ya masikio, kisha pitisha mkono chini yake. Ukigusa uvimbe, mwite daktari siku hiyo hiyo.